Toleo Lijulikane na Faili Moja Tu

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa safu ya mbele, shikamoni. Vijana wenzangu, hamjambo.

Nimepewa mada isiyo na mvuto. Wenzangu waliotangulia wamezungumzia akili bandia, mimi nimekuja kuzungumzia namba. Tena ni ile namba ndogo inayokaa chini kabisa ya ukurasa wa "Kuhusu", ambayo mteja haiangalii mpaka siku programu inapomgomea: 1.4.2, kesho 1.4.3. Ukiihariri, umebadilisha tarakimu moja tu. Halafu unaamuru programu ijengwe upya, feni ya laptopu inaanza kuvuma, chaji inashuka, na mstari mmoja mmoja unaona faili zote za mradi zinakompailiwa tena, yaani kugeuzwa upya kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine, hata zile ambazo hujazigusa tangu mwaka jana. Umebadilisha nini? Tarakimu moja.

Dai langu leo ni moja, na huenda nikalirudia hadi mnichoke. Namba ya toleo ni habari inayohusu programu nzima, kwa hiyo iingizwe programu ikishakuwa nzima, mwishoni, kupitia faili moja. Ukiiingiza mwanzoni, kupitia kila faili, utailipia kwa muda na umeme, na wakati mwingine kwa makosa ambayo chanzo chake hukioni kwa urahisi.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1976, katika maabara za Bell Labs kule Marekani, Stuart Feldman aliandika programu inayoitwa Make, inayoamua faili zipi za mradi zijengwe upya. Chanzo chake ni malalamiko ya mwenzake, Steve Johnson, aliyepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo kumbe ilikuwa sahihi. Kosa alikuwa ameshalirekebisha, ila faili iliyorekebishwa haikukompailiwa upya, kwa hiyo alikuwa akiendesha programu ya zamani huku akisoma msimbo mpya. Nani hapa hajawahi kukutwa na hilo? Feldman aliandika toleo la kwanza la Make ndani ya wikendi moja, na mwaka 2003 ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, ikamtunuku kwa kazi hiyo.

Angalieni vizuri hofu iliyoizaa Make. Johnson aliumizwa na faili iliyostahili kukompailiwa ikaachwa. Make ikajengwa juu ya hofu hiyo, ndiyo maana ikisita huchagua kurudia. Sisi leo tunalia kilio cha upande wa pili, cha faili zisizostahili kukompailiwa zinazorudiwa kila mara. Ukitaka kutibu hiki usisahau kile, kwa sababu dawa nyingi za mitaani za kuharakisha ujenzi huponya kimoja kwa kukiamsha kingine. Kijana akichoka kusubiri huzima utegemezi fulani, anafurahi wiki mbili, kisha anarudi kule kule alikokuwa Johnson.

Make huamua kwa njia rahisi mno. Inaangalia saa ambayo kila faili ilibadilishwa mara ya mwisho. Kama chanzo ni kipya kuliko matokeo, jenga. Kama sivyo, acha. Haisomi kilichomo. Ukifungua faili, ukaongeza nafasi, ukaifuta, ukahifadhi, kwa Make hiyo ni faili mpya. Ukitoka tawi moja la Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, kwenda jingine ukarudi papo hapo, faili zote zinazotofautiana kati ya matawi hayo zinapewa saa ya sasa, kwa kuwa Git haihifadhi saa za faili. Yaliyomo yamerudi vilevile, saa haijarudi. Make inaanza kazi upya kwa uaminifu wote.

Na saa yenyewe haiaminiki. Mfumo wa faili wa FAT hupima muda kwa hatua za sekunde mbili, ext3 kwa sekunde moja, ext4 inashuka mpaka sehemu ndogo mno za sekunde. Ukijenga kwenye diski ya mtandao ambayo saa ya seva yake imetangulia saa ya laptopu yako, Make itakuonya kwamba saa zimepishana na huenda ujenzi haujakamilika. Onyo hilo watu hulipuuza, nami sijui kwa nini, kwa sababu linasema jambo zito: programu uliyonayo huenda ni mchanganyiko wa vya zamani na vipya.

Sasa tuingie jikoni. Mradi wa C au C++, mtu anataka programu ijitambulishe kwa toleo lake. Anaandika faili ya heda, yaani ya matangazo ambayo faili nyingine huyajumuisha, tuiite toleo.h, ndani yake mstari mmoja unaofafanua TOLEO kuwa "1.4.2". Halafu, kwa kuwa kuna heda kuu ambayo kila mtu huijumuisha, anaijumuisha toleo.h humo, ili kila mwenye haja aikute. Hapo ndipo pameharibika. Kompaila haijui nani anaihitaji TOLEO na nani haihitaji. Inachoona ni kwamba faili mia nane zimeijumuisha toleo.h, kwa hiyo toleo.h ikibadilika, faili mia nane zimebadilika.

Kama namba hiyo hubadilishwa mara moja kwa mwezi, mtavumilia. Lakini anakuja mwenzetu mwerevu zaidi. Anasema namba ya mkono haitoshi, tuweke na utambulisho wa komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa, kutoka Git, ili mteja akituletea tatizo tujue msimbo uliotumika ni upi hasa. Wazo zuri kabisa. Anatumia amri ya git describe, inamletea maandishi kama v1.4.2-17-g3fa9c1e, yaani komiti kumi na saba baada ya lebo ya v1.4.2, herufi g ikimaanisha Git, kisha mwanzo wa heshi ya komiti yenyewe, yaani alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo. Akiongeza kipengele cha --dirty, atajulishwa pia kama kuna mabadiliko ambayo hayajakomitiwa. Anayatia maandishi hayo ndani ya toleo.h. Tangu siku hiyo kila komiti ya mtu yeyote, hata ya kurekebisha koma kwenye maelezo ya usakinishaji, inakompaili upya mradi mzima kwa kila mtu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeandika ule mstari wa kujumuisha hakuhisi uzito wowote, wengine wote wataubeba kila siku.

Msidhani haya huwapata wanafunzi tu. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, ilikuwa hivyohivyo. Faili yake ya version.h ilibeba vitu viwili pamoja: namba ya kerneli, ambayo hubadilika mara chache, na jina kamili la toleo, ambalo kwa aliyejenga kutoka Git lilibeba sehemu ya heshi. Draiva nyingi zilijumuisha version.h kwa ajili ya ile namba tu. Heshi ikibadilika, zote zinakompailiwa. Mwaka 2006, Sam Ravnborg, aliyekuwa akitunza mfumo wa ujenzi wa kerneli, alizitenganisha: namba ikabaki version.h, jina refu likahamia faili mpya ya utsrelease.h ambayo wachache wanaihitaji. Hakubadilisha kompaila wala kununua mashine yenye kasi. Aligawa faili moja kuwa mbili, kwa kufuata swali moja: nini hubadilika mara nyingi, na nini hubadilika mara chache?

Mpaka leo kwenye kerneli ipo amri ya make versioncheck. Kazi yake ni kupita faili zote na kuwataja wanaojumuisha version.h bila kuitumia, pamoja na wanaoitumia bila kuijumuisha. Mimi naipenda amri hii, kwa kuwa inakiri kwamba watu wazima wenye akili zao hujumuisha heda kwa mazoea, na kwamba dawa ya mazoea ni ukaguzi wa mara kwa mara. Kwenye mradi wenu mnaweza kupata karibu jambo lilelile kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, na dakika tano. Ifanyeni leo jioni, mhesabu faili zinazoijumuisha heda ya toleo, kisha mhesabu zile zinazolitaja toleo kweli.

Sasa dawa. Heda iwe na ahadi tu, bila thamani. Ndani ya toleo.h muwe na mstari huu:

const char *toleo(void);

Basi. Mstari huo hautabadilika miaka kumi. Thamani ikae ndani ya toleo.c, faili ndogo kuliko zote kwenye mradi, yenye kazi ya kurudisha maandishi ya toleo. Heshi ikibadilika, faili moja inakompailiwa, kisha linka, inayofunga faili zilizokompailiwa kuwa programu moja, inaunganisha upya. Ile mia nane mmeigeuza moja. Linka bado itafanya kazi, hilo halikwepeki, na ni haki yake, maana programu kweli imebadilika.

Swali linalofuata ni nani ataandika toleo.c, na lini. Hapa nimeona watu wazuri wakiteleza. Wanaandika kanuni ya kwamba toleo.c inategemea faili ya .git/HEAD, wakidhani HEAD hubadilika kwa kila komiti. Haibadiliki. Ukiwa kwenye tawi la main, ndani ya HEAD mna maandishi yanayosema "nenda kaangalie main", na utakomiti mara hamsini maandishi hayo yakiwa yaleyale. Matokeo yake programu inajitangaza kwa heshi ya wiki iliyopita. Hilo ni baya kuliko kutokuwa na heshi kabisa, kwa sababu sasa mnadanganywa na mnaamini.

Njia salama ni kuendesha skripti kila mara, lakini faili iandikwe pale tu yaliyomo yanapotofautiana. Kwa Make inaonekana hivi:

toleo.c: FORCE
	@sh andika-toleo.sh > $@.mpya
	@cmp -s $@ $@.mpya && rm $@.mpya || mv $@.mpya $@
FORCE:

Mstari wa kwanza unasema kazi hii ifanyike kila tunapojenga. Wa pili unaandika pembeni, kwenye faili ya muda. Wa tatu unalinganisha: kama ni sawa, futa ile ya muda na usiiguse ya zamani, kama si sawa, ya muda ichukue nafasi. Kiini cha ujanja ni kutoigusa. Saa ya toleo.c haijasogea, kwa hiyo Make ikiitazama tena baada ya skripti kumaliza, inaona hakuna jipya na wanaoitegemea wanaachwa kwa amani. Kerneli ya Linux ina makro yake ya kazi hiyo, inaitwa filechk. CMake, zana nyingine ya ujenzi, hufanya hivyo yenyewe kwenye amri ya configure_file: yaliyomo yakiwa yaleyale, saa ya faili haiguswi. Mnaotumia Ninja, mbadala wa Make, angalieni hapa, maana Ninja haitazami tena mpaka uiambie. Kwenye kanuni husika andikeni restat = 1, la sivyo ujanja wote huu ni bure na mtaniletea lawama.

Kuna jambo jingine la kerneli siwezi kulipita, ingawa si namba ya toleo. Kerneli ina maelfu ya mipangilio ya kuwasha na kuzima, na yote hukusanywa kwenye heda moja, autoconf.h, ambayo kila faili huipata. Kwa hesabu ya kawaida, ukizima draiva moja ya kadi ya sauti, ungeikompaili kerneli nzima. Wakaandika programu ndogo inayoitwa fixdep. Kila faili ikishakompailiwa, fixdep inaisoma, inatafuta ni mipangilio ipi imetajwa ndani yake, kisha kwenye orodha ya utegemezi inaifuta autoconf.h na kuweka mipangilio ile tu iliyotajwa. Kadi ya sauti ikizimwa, wanaoitaja kadi ya sauti ndio wanaoguswa. Hii ni busara ya hali ya juu, na imo ndani ya faili moja fupi ya C ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuisoma akaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Someni misimbo ya namna hiyo badala ya kusoma tu matangazo ya zana mpya.

Nije kwenye tarehe. C ina makro mbili, __DATE__ na __TIME__, zinazoweka tarehe na saa ya kukompaili ndani ya programu. Zinapendwa kwa sababu hazihitaji skripti. Lakini kwanza zinasema uongo wa aina yake: hizo ni saa za faili hiyo moja, si za programu nzima, na faili hiyo isipokompailiwa upya saa inabaki ya juzi. Pili, zinaua kache. Andrew Tridgell, yuleyule aliyetuletea Samba ya kushirikiana faili na Windows, alitoa ccache mwaka 2002. Inapokea kazi ya kompaila, inapiga heshi ya msimbo na vigezo vyake, na kama kazi hiyohiyo ilishawahi kufanywa inakupa jibu la zamani papo hapo. Msimbo wenye __TIME__ ndani yake kila sekunde ni msimbo mpya. Ccache itafanya nini?

Tatu, na hili ni zito kwa wanaojali usalama, programu yenye saa ndani yake haiwezi kujengwa mara mbili ikatoka sawa baiti kwa baiti. Watu wa Debian, moja ya distro (matoleo ya Linux yanayosambazwa), na wenzao wa mradi wa Reproducible Builds wamekuwa wakipigana na jambo hili tangu mwaka 2013, ili mtu yeyote aweze kujenga programu nyumbani kwake na kuhakikisha kwamba ile iliyosambazwa haijatiwa kitu. Ndio walioleta kigezo cha SOURCE_DATE_EPOCH, kinachosema "ukilazimika kuandika tarehe, andika hii", kwa kawaida tarehe ya badiliko la mwisho la msimbo. GCC inakiheshimu tangu toleo la 7. Kerneli ya Linux yenyewe imeamuru kompaila ikikutana na makro hizo ikatae kabisa.

Najua wengi wenu hamwandiki C. Mnaandika Android, kwa Java na Kotlin, na mnadhani nawahubiria majirani. Haya. Kuna mazoea ya kuweka kwenye Gradle, zana ya kujengea aplikesheni, uga wa ziada wa BuildConfig wenye saa ya ujenzi, ili kwenye skrini ya "Kuhusu" ionekane lini aplikesheni ilijengwa. Uga huo ukibadilika kila mara, faili ya BuildConfig inabadilika kila mara, na moduli nzima inakompailiwa hata kama hukugusa herufi. Watengenezaji wa Android wenyewe wanashauri kwamba ujenzi wa majaribio utumie thamani isiyobadilika. Andikeni "dev" mkaendelee na maisha. Saa halisi iingie siku ya kutoa toleo.

Java nayo ina mtego wake. Ukiandika public static final String TOLEO = "1.4.2", kompaila ya Java hainukuu rejea, inanukuu thamani yenyewe ndani ya kila darasa linaloitumia. Sasa fikirini maktaba yenye darasa hilo na aplikesheni iliyokompailiwa dhidi yake. Unaboresha maktaba kuwa 1.4.3, unabadilisha tu JAR, yaani faili ya maktaba, aplikesheni inaendelea kusema 1.4.2. Hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Hiki ni kilio cha Johnson kimerudi kwa mlango wa nyuma. Dawa ni ileile ya toleo.c: ficha thamani nyuma ya mbinu, public static String toleo(), wengine waiite. Thamani ikibadilika hawana habari, na hawapaswi kuwa nayo.

Wenye lugha ya Go mna bahati. Tangu Go 1.10 ya mwaka 2018, amri ya go build haiangalii saa za faili hata kidogo, inaangalia yaliyomo. Namba ya toleo mnaweza kuipenyeza wakati wa kuunganisha kwa -ldflags na -X, bila kugusa kompaila. Na tangu 1.18 ya mwaka 2022, utambulisho wa komiti unaingizwa wenyewe, mnausoma kwa go version -m. Nani aliyewahi kuandika skripti ndefu ya kazi hiyo kwa mradi wa Go? Futeni.

Bazel, zana ya ujenzi ya Google, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2015, imelichukua swali la Ravnborg ikalifanya sheria. Habari za ujenzi zinagawanywa kwenye faili mbili. Moja ni ya yaliyo thabiti, na ikibadilika wanaoitegemea hujengwa upya. Nyingine ni ya yanayogeukageuka, kama saa ya sasa, na ikibadilika peke yake Bazel inajifanya haijaona. Yaani wamekubali waziwazi kwamba programu inaweza kubeba saa iliyopitwa, na kwamba hiyo ni bei nafuu kuliko kujenga kila kitu kwa ajili ya saa. Mimi nakubaliana nao.

Nimezungumza sana kuhusu mahali pa kuiweka namba. Nizungumzie kidogo namba yenyewe, kwa sababu mahali pazuri hapaponyi namba mbovu.

Kerneli huifunga namba yake ya sehemu tatu ndani ya namba moja kubwa, na sehemu ya tatu ilipewa biti nane, yaani isizidi 255. Nani angefikiria kwamba toleo la matengenezo lingerudiwa mara 256? Februari 2021 likafika, kwa 4.4 na 4.9 pamoja. Kwa hesabu ya biti, 4.9.256 inamwagikia sehemu ya kati na kusomeka kama 4.10.0, toleo jingine kabisa. Wakaamua kwamba ndani ya namba ile iliyofungwa, sehemu ya tatu ikizidi 255 ibaki 255.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2022, barua pepe zilikwama kwenye seva za Microsoft Exchange katika ofisi nyingi duniani. Kichunguzi cha virusi kilikuwa na data yenye namba ya toleo iliyotungwa kwa tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha namba ya mfululizo. Mwaka mpya ukaleta 2201010001. Kikomo cha namba ya biti 32 yenye alama ni 2147483647. Namba haikuingia, kichunguzi kikafa, barua zikapanga foleni. Namba ya toleo tu!

Ninyi wa Android msicheke. Play Store haipokei versionCode, ile namba ya ndani ya toleo, inayozidi 2100000000. Waliotunga yao kwa mwaka wa tarakimu mbili, mwezi, siku, saa na dakika, walikwama tarehe 1 Januari 2021, maana 2101010000 imeshavuka. Ukitaka tarehe kwa lazima, tumia mwaka wa tarakimu nne, mwezi, siku na tarakimu mbili za mfululizo, kama 2025061501. Itakufikisha mwisho wa 2099, na hapo atakuwa anahangaika mjukuu wako. Mimi ningehesabu tu: 1, 2, 3.

Na muwahurumie wanaosoma namba zenu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipotoka 2.6.39 kwenda 3.0 mwaka 2011, hakuna kikubwa kilichobadilika ndani, namba tu ilikuwa imerefuka. Lakini zilikuwepo programu zilizoandikwa kwa imani kwamba kerneli daima huanza na 2.6, nazo zikavunjika. Ikabidi iongezwe hali maalumu, UNAME26, ambayo kerneli ya 3 inajitambulisha kwa programu hizo kama 2.6.40 na kuendelea.

Kabla sijakaa, dada mmoja pale nyuma ameniletea swali kwa karatasi, nalo ni zuri. Anauliza: kama ujenzi wote wa majaribio unasema "dev", nitajuaje ni upi umo kwenye kifaa, wakati nimejenga mara ishirini leo?

Dada, iachie linka. Linka ya GNU ina kipengele cha --build-id. Ikishamaliza kuunganisha, inapiga heshi ya matokeo yenyewe na kuiandika ndani ya programu. Haikompaili chochote zaidi, na yaliyomo yasipobadilika heshi haibadiliki. Ukiendesha readelf -n juu ya programu utaiona, kwa kawaida tarakimu 40. Distro nyingi za Linux zimeiwasha tayari, ila kwa maktaba za .so unazojenga kwa NDK, zana za Android za C na C++, hakikisha mwenyewe kwamba kipengele kimewekwa. Kila ukijenga, hifadhi pembeni ile faili yenye alama za utatuzi kwa jina la heshi hiyo. Programu ikianguka kwenye simu ya mteja, ripoti ya Android ya kuanguka kwa msimbo wa asili itakuonyesha BuildId ya maktaba husika. Ilinganishe na folda yako, utapata ujenzi uleule miongoni mwa ishirini.